Nesi wa Musoma na homa ya ini ya Arnhem Land

Nyumbani wakisikia niko Australia hufikiria Sydney, lile jengo la opera na watu wa makoti. Mimi niko juu kabisa ya ramani, Northern Territory, ambako joto la Novemba linamfanya mtu wa Musoma akumbuke upepo wa ziwa kwa uchungu. Eneo lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3. Tanzania nzima inaingia humo na nafasi inabaki, ila wakazi wake hawafiki laki tatu. Karibu theluthi moja yao ni Waaborijini, wenye nchi. Hao ndio ninaofanya nao kazi, kwenye zahanati za Arnhem Land, kaskazini-mashariki mwa jimbo, ambazo masika yakikolea hazifikiki ila kwa ndege ndogo.

Nataka kuandika kuhusu homa ya ini aina ya B, kwa sababu ndiyo inayokula muda wangu mwingi, na kwa sababu namna wahudumu wa afya wa Kiaborijini walivyopewa ujuzi wa kuisimamia ni habari ambayo sijaiona ikisimuliwa kwa Kiswahili.

Ugonjwa wenyewe tunaujua, au tuseme tumeusikia. Kwetu Mara wengi huufahamu siku wanapokwenda kuchangia damu: damu inapimwa, mtu anaambiwa ana homa ya ini, asichangie tena, basi. Anarudi nyumbani na karatasi na hofu. Hakuna aliyemweleza kwamba ukiambukizwa ukubwani, zaidi ya mara tisa kati ya kumi mwili hukifukuza kirusi wenyewe, na kwamba ukiambukizwa uchangani hesabu inageuka: watoto wachanga tisa kati ya kumi hubaki nacho. Ndiyo maana penye ugonjwa huu mwingi, kwa kawaida ni wa mama na mtoto, au wa watoto wanaokua pamoja, kabla haujawa wa mambo ya chumbani. Miongo inapita bila dalili. Ini halilalamiki mapema. Baadaye kwa baadhi huja makovu, ini linasinyaa, au inakuja saratani.

Huku, takribani asilimia 6 ya Waaborijini wa Northern Territory wanaishi na kirusi hiki. Kwa Australia yote ni chini ya asilimia 1.

Kuna kisa ambacho kila mhudumu wa huku anapaswa kukijua, na wengi walikuwa hawakijui. Miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani, Baruch Blumberg, alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya Mwaborijini mmoja akakuta protini ambayo haikuwa imejulikana. Wakaiita antijeni ya Australia. Baadaye ikathibitika kuwa ni ganda la kirusi cha homa ya ini B, na kutokana na ugunduzi huo vikapatikana kipimo na chanjo. Blumberg akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo kwa watoto wote wanaozaliwa Northern Territory ilianza mwaka 1990. Kwa hiyo damu ya watu hawa ilisaidia kufungua mlango kwa dunia nzima, huku wao wenyewe wakiendelea kuambiwa maneno mawili matatu kwa haraka, kwa lugha ya nne au ya tano kwao, na nesi ambaye mwezi ujao hatakuwepo.

Hilo la nesi kutokuwepo silisemi kwa kejeli. Watafiti waliwahi kupima kasi ya watumishi kuingia na kutoka katika zahanati za mbali za huku, wakakuta inazidi asilimia 100 kwa mwaka. Maana yake mgonjwa mwenye ugonjwa wa maisha anaanza upya na mtu mpya kila mara. Anayebaki ni mhudumu mwenyeji. Yeye haondoki, kwa sababu pale ndipo kwao, makaburi ya wazee wake yako pale, na mgonjwa ni shangazi yake.

Wahudumu hawa si watu wa kuokoteza. Kuna kada inayotambuliwa kisheria, iliyo kwenye daftari la taifa la wataalamu wa afya tangu mwaka 2012. Wanasoma, wanapata cheti, wanapima, wanachoma sindano, wanatoa dawa kwa mwongozo. Na kuna wahudumu wa jamii wasio na usajili huo, wanaofanya kazi ya kuunganisha zahanati na nyumba za watu. Lakini nilipofika, katika zahanati niliyopangiwa, kwa habari ya homa ya ini wote hao walikuwa na kazi mbili: kuendesha Land Cruiser kwenda kumtafuta mgonjwa, na kutafsiri daktari anapozungumza. Mhudumu mwenye uzoefu wa miaka mingi anasimama pembeni ya kitanda akitafsiri jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kuelezwa mwanzo wake wala mwisho wake. Anatafsiri kipande. Mgonjwa anauliza swali la kipande kinachofuata, naye hana.

Mafunzo ninayoyasimulia yalitengenezwa Darwin, mji mkuu wa jimbo, kwenye taasisi ya utafiti ya Menzies, ndani ya mpango mkubwa unaoitwa Hep B PAST, kwa ushirikiano na serikali ya jimbo na mashirika ya afya yanayoendeshwa na Waaborijini wenyewe. Ni siku mbili. Siku mbili ni kidogo, na nilipoona ratiba kwa mara ya kwanza nilitabiri semina ya kawaida: slaidi, chai, picha ya pamoja, posho. Tofauti ilikuwa kwamba wahudumu wa Kiaborijini walikaa mezani tangu kupangwa kwa masomo, na darasani mwalimu Mwaborijini na mwalimu asiye Mwaborijini wanasimama wawili. Mimi niliingia kama msaidizi wa pembeni: kubeba vifaa, kusimamia kona ya vipimo, kujibu nikiulizwa.

Kabla ya somo lolote, watu walipangana kwanza. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndipo pagumu kwa mgeni na ndipo penye wepesi kwa mtu aliyelelewa kwetu.

Katika jamii za Wayolngu, mashariki mwa Arnhem Land, ulimwengu wote umegawanyika pande mbili, Dhuwa na Yirritja. Watu, wanyama, ardhi, nyimbo, hata upepo, kila kitu kina upande wake. Unaoa upande wa pili, na mtoto hufuata upande wa baba. Mgeni akikaa na kufanya kazi kwa heshima hupewa nafasi humo, kwa sababu mtu asiye ndugu wa yeyote hakuna namna ya kuzungumza naye. Mama mmoja, mhudumu mkongwe pale zahanati, alinichukua kuwa mwanawe. Yeye ni Dhuwa, mimi kwa hiyo ni Yirritja. Kuanzia siku hiyo nikawa na kaka, wajomba, wakwe, na madeni.

Wakwe ndio habari. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawakai karibu, hawasemezani moja kwa moja. Kaka na dada nao wana mipaka yao mikali: usitaje mambo ya mwili wa mmoja mbele ya mwenzake. Wenzangu kutoka Melbourne na Ireland walikuwa wanaandika haya kwenye daftari kama mtu anayesoma sheria za barabarani. Mimi nilikumbuka bibi yangu akipita nyuma ya nyumba na kujifunika kanga usoni kwa sababu mkwewe amekaa barazani. Sikuhitaji daftari. Na pale darasani alikuwepo mama mmoja ambaye kwa hesabu ya undugu wangu mpya ni mkwe. Mwalimu mwenyeji alinitazama, akaniashiria kwa midomo niende nyuma upande wa mlango. Nikaenda. Kona ya vipimo ikahamishwa pamoja nami.

Kwa mratibu wa kawaida hilo ni usumbufu. Kwa kweli ndilo lililofanya darasa liwezekane. Somo la namna kirusi kinavyoambukizwa kwa kujamiiana lilifundishwa wanaume mbali, wanawake mbali, kila kundi na mwalimu wa jinsia yake. Nimeona kwingine watu wakifundishwa mchanganyiko, wote wameinamisha vichwa, na mkufunzi akaandika kwenye ripoti kwamba washiriki walikuwa wakimya na pengine hawakuelewa. Walielewa sana. Walikuwa wanangoja aibu ile iishe.

Sasa somo lenyewe. Kwenye kupanga kulikuwa na mvutano ambao nilisimuliwa na ambao nimeuona mara nyingi kwenye vikao vingine vya afya. Wapo wanaosema: hawa ni wahudumu wa ngazi ya chini, wapeni mambo machache, kirusi kibaya, chanjo nzuri, nendeni mkapime. Wahudumu wenyewe walisema hapana. Tunataka yote. Tunataka kujua majibu ya maabara yanasemaje, kwa nini huyu anapewa dawa na yule hapewi, kwa nini damu inachukuliwa tena na tena kwa mtu asiyeumwa. Mimi niko upande wao kabisa, na ukiniuliza jambo moja nililoliona kuwa na nguvu kuliko yote katika mafunzo yale, ni hilo: hayakupunguzwa. Yaliwekwa kwa picha, kwa kadi, kwa lugha za wenyeji palipowezekana, kwa vitendo, lakini hayakupunguzwa.

Chukua vipimo. Kuna alama tatu zinazotafutwa katika damu. Ya kwanza inasema kirusi kipo mwilini sasa. Ya pili inasema kirusi kimewahi kuingia, kiwe kimeondoka au hakijaondoka. Ya tatu inasema kinga ipo. Mtu mwenye ya tatu peke yake amechanjwa. Mwenye ya pili na ya tatu aliugua akapona. Mwenye ya kwanza na ya pili, na kwa zaidi ya miezi sita, anaishi nacho. Asiye na hata moja anahitaji chanjo leo, kabla hajatoka mlangoni. Wauguzi wengi niliofanya nao kazi, Tanzania na huku, hubabaika hapo. Pale darasani waligawiwa kadi zenye majibu ya watu wasio na majina, wakazipanga mezani, wakabishana, wakazihamisha. Baada ya muda kidogo vijana wawili walikuwa wanazisoma kwa kasi ya watu wanaocheza karata. Mama mmoja alikaa na kadi moja mkononi muda mrefu, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye faili la marehemu mumewe, na leo ndiyo mara ya kwanza anajua ilisema nini. Hakutajwa jina, kwa desturi ya huku jina la aliyefariki halitajwi. Mwalimu mwenyeji akasimamisha somo. Tukatoka nje, watu wakakaa chini ya mti, chai ikaletwa. Ratiba iliyokuwa ukutani ilisema tungekuwa kwenye mada ya nne.

Kisha hatua za ugonjwa. Kirusi hiki hakikai hali moja. Utotoni na ujanani kinaweza kuzaliana kwa wingi mno huku mwili ukikiacha. Baadaye mwili unashtuka, unapigana nacho, na ini linaumia katika mapigano hayo. Kisha kinatulia. Kisha kwa baadhi kinarudi upya. Hatua nne, na dawa hutolewa zaidi katika ile ya pili na ile ya nne, au kwa yeyote ambaye ini lake limeshakuwa na makovu na kirusi bado kinaonekana kwenye damu. Hapo ndipo daktari mgeni huanza kuchora mistari ubaoni, na watu hupotea. Mwalimu mwenyeji, mzee wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi wa mazingira, alikataa ubao. Akaanza kuzungumza juu ya kuchoma nyika. Waaborijini huchoma nyasi mapema kiangazi, moto mdogo mdogo, kwa mpango, ili Oktoba usije moto mkubwa wa kula kila kitu. Akasema: kuna wakati nyasi ni mbichi, hata ukiwa na kiberiti hakuna kitu. Kuna wakati zinashika. Kuna wakati zimeungua, kumetulia, unaona majivu tu, lakini gogo chini lina kaa. Asiyerudi kulitazama gogo ndiye anayeunguza nchi. Kila mtu pale alijua anachosema, kwa sababu wengi wamewahi kutumwa wakiwa watoto kwenda kutazama gogo. Tangu hapo, kurudi kwa kipimo cha kila miezi sita hakukuhitaji mtu wa kukieleza tena.

Wakati wa mchana kaka yangu mmoja, yaani kwa undugu ule, alileta ini la nyati. Nyati wa Asia waliletwa huku na Waingereza karne ya 19, wakatorokea porini, sasa ni wengi na huwindwa. Tulilikata mezani. Watu walishika lilivyo laini, wakalinganisha na picha za ini lenye makovu, na aliyezoea kuchinja akasema amewahi kukuta la mnyama likiwa gumu hivyo na alilitupa. Mashine ya FibroScan, ile inayopima ugumu wa ini kwa mawimbi bila kukata mtu, ilikuwa pale. Kila aliyetaka alilazwa akapimwa na mwenzake. Mikono yao ndiyo ilishika kifaa, si yangu.

Lililozua mazungumzo makali kuliko yote sikulitarajia. Kirusi wanachobeba Waaborijini wa huku ni cha aina yake, tawi linaloitwa C4, ambalo limekutwa kwa Waaborijini wa kaskazini mwa Australia na si kwingine. Lina mabadiliko ya kijeni yanayohusishwa na ini kuharibika haraka na saratani. Ganda lake pia linatofautiana na lile lililotumika kutengenezea chanjo, ingawa chanjo bado imepunguza sana ugonjwa kwa waliozaliwa baada ya 1990, na hakuna aliyeshauri iachwe. Na mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa vinasaba wa kirusi hiki wakakadiria kwamba kiliingia bara hili pamoja na watu wa kwanza, zaidi ya miaka 50,000 iliyopita.

Mkufunzi mgeni alilitoa hilo kama taarifa ya kisayansi. Darasa likagawanyika. Kijana mmoja alikasirika: kwa hiyo mnasema ugonjwa ni wetu, tumezaliwa wagonjwa. Mama yangu akasema yeye amesikia kinyume. Kwa miaka yote ameambiwa ugonjwa huu unaletwa na uchafu, na sindano, na umalaya, na watu wamejificha kwa ajili hiyo. Sasa anaambiwa ulitembea na mababu, ukapita kwa mama na mtoto, mama na mtoto, kabla hakujawa na sindano wala pombe duniani. Nani sasa wa kuona aibu? Walibishana kwa lugha yao kwa muda mrefu, mimi nikifuata neno moja moja. Hawakumaliza. Nadhani haikuwa kazi yetu kuwamalizia. Nilichokiona miezi iliyofuata ni kwamba kisa cha mama na mtoto ndicho walichokitumia wote wawili, yule kijana pia, kila walipoingia nyumba ya mtu kuzungumza juu ya kupima.

Aibu ndiyo mzigo mzito wa ugonjwa huu, na si wa huku tu. Kwetu mtu mwenye homa ya ini B huchanganywa na mwenye VVU kwa sababu akianzishiwa dawa hupewa tenofovir, na tenofovir imo kwenye vidonge vya ARV ambavyo kila mtu anavijua. Nimesikia ndoa kutikisika kwa kopo la dawa lililoonekana kabatini. Arnhem Land kopo hilo linaonekana na watu wengi zaidi, maana nyumba ni chache na zimejaa. Wahudumu walilitatua kwa njia ambayo hakuna mwongozo ulioiandika: dawa za baadhi ya wagonjwa zinakaa zahanati au kwa ndugu aliyekubaliwa, na mhudumu anayejua undugu ndiye anayejua ni ndugu gani anafaa. Mimi ningempelekea dada mtu. Dada mtu ndiye hasa asiyepaswa kuguswa na jambo hilo.

Baada ya mafunzo kazi iligawanywa upya. Kila zahanati ina orodha ya watu wanaoishi na kirusi, na kila mtu ana mpango wake: damu ya kuangalia ini kila miezi sita, wingi wa virusi mara moja kwa mwaka, ultrasaundi kila miezi sita kwa wenye makovu, kwa wenye ndugu waliokufa kwa saratani ya ini, na kwa Waaborijini waliofika miaka 50. Nyuma ya orodha hiyo kuna kazi ya kuchosha iliyofanywa jimbo zima, ya kupitia rekodi za makumi ya maelfu ya watu na kumpa kila mmoja alama ya hali yake: ana kinga, anacho, alikuwa nacho, hajulikani. Zamani orodha ilikuwa ya nesi, na nesi akiondoka inaondoka. Sasa ni ya mhudumu mwenyeji. Yeye ndiye anayeamua nani anatafutwa wiki hii na nani aachwe kwa sababu yuko kwenye msiba. Misiba ya Wayolngu ni ya wiki nyingi. Ukimfuata mtu na sindano katikati yake umempoteza kwa mwaka. Daktari wa ini akija na ndege kutoka Darwin, mhudumu anakaa naye asubuhi, wanapitia majina, na daktari anauliza yeye kwanza.

Dawa bado inaandikwa na daktari au muuguzi bingwa mwenye kibali maalumu. Hilo ni sheria, na mimi sina ugomvi nalo sana. Lakini uamuzi wa mgonjwa kuanza dawa haufanyiki kwenye karatasi ya daktari. Unafanyika jioni, kwenye veranda, mhudumu akiwa na simu yenye ile programu ya kuelezea homa ya ini iliyotengenezwa na Menzies pamoja na Wayolngu, iliyotoka mwaka 2014 na baadaye kuwekwa katika lugha nyingine za Waaborijini. Nimekaa kwenye veranda hizo. Mhudumu anaonyesha picha moja, anazima simu, anazungumza habari za samaki. Anairudia kesho. Mgeni angeona muda unapotea. Mgonjwa akija zahanati kusema nipeni hizo dawa, kwa kawaida anaendelea nazo.

Wenzangu wa nyumbani huniuliza kama haya yanahamishika. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo tuna kizazi kilicholindwa na kizazi cha wakubwa zao kisicholindwa, kama huku. Kenya mwaka 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, nasi mwaka uliofuata tukazindua mpango wetu wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu wapo. Ninachohofia ni ile tabia ya kuwapa vipeperushi na fulana. Mpe mhudumu wa kijijini kwetu zile alama tatu za damu, umfundishe kwa kadi mpaka azisome, na yule aliyerudishwa kutoka benki ya damu atakuwa na mtu wa kumuuliza kabla hajaenda kwa mganga. Vipimo na dawa ni kikwazo kingine, na kikubwa. Huku serikali inavilipia kwa sehemu kubwa, kwetu mgonjwa mara nyingi analipa kipimo cha wingi wa virusi mfukoni mwake, na bei yake inakatisha tamaa. Sitadanganya kwamba elimu inalipa bili ya maabara.

Huku nako kuna bili isiyolipwa. Nesi aliyetoka nje, awe wa Melbourne au wa Musoma, anapewa nyumba pamoja na kazi. Yangu ina viyoyozi na uzio. Mhudumu mwenyeji, kwa masharti ya ajira yaliyozoeleka sehemu nyingi za huku, hahesabiwi kuwa anahitaji nyumba, maana ameajiriwa akiwa tayari anaishi pale. Anaishi kweli: ndani ya vyumba vitatu na ndugu wasiohesabika, analala saa chache, anaamka kwenda kusimamia orodha ya ugonjwa ambao mimi sasa namuuliza yeye. Wanaoacha kazi hii miongoni mwao huacha kwa uchovu huo, au kwa mshahara, au kwa sababu wamechoka kuitwa usiku na ndugu ambao hawawezi kuwakatalia. Hakuna niliyemsikia akiacha kwa sababu somo lilikuwa gumu.

Walipoitwa kutoa maoni juu ya mafunzo, hilo la nyumba ndilo waliloliweka la kwanza. Waliambiwa bajeti ya mafunzo haihusiki na makazi. Mama yangu akaomba karatasi. Barua waliyomwandikia mwajiri ina jedwali la kazi wanazofanya sasa, safu moja zamani, safu moja leo, na chini yake maombi ya nyumba na ya kupandishwa daraja. Nimetia saini kama shahidi. Mwajiri amejibu kwamba ameipokea.